Habari za Tumbo

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mzee Adelard Rwezaura wa Chonyonyo alichuma matofaa arobaini na mawili bila kugusa hata moja, kisha akatapika ndani ya kofia yake.

Mambo hayo mawili yalipishana kwa dakika chache tu, na yote aliyafanya kwa heshima. Matofaa aliyachuma akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha mradi kwenye zahanati, njia ya Kihanga, amevishwa miwani mikubwa kama boksi la viatu, imefungwa kwa mkanda nyuma ya kichwa. Mbele ya macho yake kulikuwa na bustani ya ugenini, milima yenye theluji, na mti mmoja uliozaa kupita kiasi. Kila alipojaribu kunyoosha mkono wa kushoto, ule uliopigwa na kiharusi miezi mitano iliyopita, mkono wa kwenye picha nao ulinyooka, ukakamata tunda, ukalitia kapuni, na kengele ikalia. Shida ni kwamba alipogeuza kichwa, bustani ilichelewa kidogo kumfuata, kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa, na tumbo lake halikuwa na subira ya kuingoja.

Kutapika alikutekeleza pale mhudumu alipogeuka kuiweka miwani kwenye chaji. Hakutoa sauti. Aliikunja kofia yake ya pama katikati, akaishika kwa mkono mzima kama mtu aliyebeba mayai, na kuvaa uso wa mtu anayetoka kupokea komunio.

Mhudumu huyo alikuwa Vero, binti wa kaka yake mkubwa, mwenye umri wa miaka ishirini na minne. Alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu akiangaliana na cheti chake cha chuo, hadi mradi ulipokuja kutafuta kijana wa kuvisha watu miwani na kuwauliza maswali. Maswali ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Miwani ilikuwa bado inajaribiwa, na wenye mradi walitaka kujua kila mgonjwa ameionaje: je, alijihisi yumo kweli ndani ya bustani ile, je, kichwa kilimzunguka, je, alipata kichefuchefu, je, angependa kuendelea. Kila jibu lilipewa alama, moja hadi saba, saba maana yake hakuna shida yoyote, ndani ya kishikwambi, na kishikwambi kiliyarusha majibu hadi Dar es Salaam, na kutoka huko, inasemekana, yalikwenda ng'ambo.

Fomu ilikuwa imeandikwa kikavu. *Nilihisi kutapika wakati wa matumizi. Toa alama.* Siku ya kwanza Vero aliisoma hivyo hivyo mbele ya baba yake mdogo, akaona haya hadi masikioni. Mtoto gani aliyelelewa vizuri anamuuliza mzee kama alihisi kutapika? Kuanzia siku ya pili alikuwa ameirekebisha, kwa nia njema kabisa.

"Habari za kichwa, baba mdogo?"

"Nzuri."

"Za macho?"

"Salama."

"Habari za tumbo?"

Mzee Adelard aliisogeza kofia nyuma ya mguu wa kiti.

"Salama tu, mwanangu. Na wewe?"

Vero alibonyeza alama za juu kabisa, moja baada ya nyingine. Na hapa inafaa isemwe kwa niaba ya wote wawili kwamba hakuna aliyedanganya. Nchi hii nzima mtu akiulizwa habari hujibu nzuri. Anayetoka kuzika hujibu nzuri. Hilo ni jibu la mlangoni. Muulizaji akishaketi, akapewa kahawa ya kutafuna, akaulizwa safari yake, ndipo la pili linatoka: nzuri, ila mama amelazwa, nzuri, ila mnyauko umeingia shambani. Lakini kishikwambi hakikuwa na mahali pa jibu la pili, na Vero alikuwa anauliza amesimama.

Baada ya maswali Mzee Adelard alihamia chumba cha jirani, kwa Sista Sperancia, mtaalamu wa viungo, mama mnene mwenye vidole vigumu kama mpini wa jembe. Huyu hakuwa na fomu. Aliukanda mkono kwa kitambaa cha moto, akaukunja, akaukunjua, akamsema mwenye mkono kwa uvivu, kisha akamwekea kikombe cha plastiki kiganjani.

"Kishike."

Vidole vitatu vilijikunja. Cha nne kilitetemeka. Kikombe kilikaa kwa muda wa Salamu Maria moja, kikadondoka.

"Umeona?" alisema Sista Sperancia. "Wiki iliyopita hukufika hata kwenye 'umejaa neema'."

Mzee Adelard alicheka. Daktari alikuwa amemwambia bila kuzunguka: mkono kama utarudi, utaanza kurudi ndani ya miezi sita ya mwanzo, baada ya hapo ni kuomba tu. Mikono miwili ndiyo inayovuna kahawa, mmoja unainamisha tawi, mwingine unachuma. Ndiyo inayofunga suruali pia.

*

Nyumbani Chonyonyo, mkewe Anatolia aliikuta kofia ikining'inia kwenye kamba, inachuruzika.

"Kihanga mvua imenyesha?"

"Kidogo."

"Imenyesha ndani ya kofia, kwenye koti hamna kitu."

Mzee Adelard aliomba maji ya kunywa. Anatolia alimletea, akabaki amesimama hapo hapo mikono kiunoni. Miaka thelathini na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe akitaka maji katikati ya mazungumzo, kuna kitu.

"Nimeinusa," alisema.

"Basi kama umeinusa unauliza nini?"

"Na juzi uliponiambia umeteleza pale kwenye migomba?"

Mzee Adelard alimeza funda la maji. Juzi alikuwa ameshuka kwenye bodaboda, akalipa, akaaga, akapiga hatua sita kwenye njia ya kwao, na ardhi ikafanya kama bustani ile: ikachelewa. Alianguka ubavu, upande wa mkono mbovu, akakaa chini ya mgomba muda mrefu akijifanya anakagua shina, maana watoto wa jirani walikuwa wanapita.

"Ile miwani inanizungusha," alisema hatimaye. "Nikiivua, dunia inaendelea kuzunguka. Wakati mwingine hadi jioni."

"Umemwambia Vero?"

"Anaponiuliza namwambia nzuri."

"Kwa nini?"

"Ungemwambiaje wewe? Mtoto wa kaka. Amekaa miaka mitatu anachambua maharage ya mama yake, leo amepata kazi, amevaa kitambulisho shingoni. Nimwambie kitu chako kinanitapisha? Na wale wameleta mtambo kutoka huko kwao, hawanitozi kitu, wananipa nauli na soda. Mtu akikukaribisha kwake unamwambia chakula chako kina chumvi?"

"Soda unaitapika."

"Ninainywa baadaye."

Anatolia alitaka kucheka, ikamshinda. Akaketi karibu yake kwenye benchi, akaushika ule mkono wa kushoto kama mtu anayepima uzito wa kuku.

"Adelard, waitu, tafadhali. Nakufunga vifungo kila asubuhi bodaboda akituangalia. Sisemi kitu. Lakini huu mkono ukibaki hivi kwa sababu ya adabu, nitasema."

"Unarudi. Sista anasema unarudi. Vumilia."

"Mimi nivumilie? Anayetapika ni nani?"

*

Wiki iliyofuata alikuja mratibu wa mradi, kijana mmoja aitwaye Novatus, kwa gari jeupe lenye vumbi la wilaya mbili. Hakuwa daktari, lakini wote walimwita daktari kwa sababu alikuwa na kompyuta na hakula chochote. Aliwaketisha Vero, Sista Sperancia na Mzee Adelard mbele ya ukuta, akawaonyesha mstari mwekundu uliopanda kisha ukanyooka juu kabisa.

"Huu ndio mzee wetu," alisema. "Siku kumi na nne, alama za juu kila kipengele. Hana kizunguzungu, hana kichefuchefu, anafurahia. Katika vituo vyote hatuna kama yeye. Mzee, wewe ni nyota."

Mzee Adelard aliutazama mstari. Kwa kweli ulikuwa mzuri. Hakuwahi kuwa wa kwanza kwa lolote tangu shule ya msingi, na hata huko ilikuwa ni mbio za magunia.

"Nashukuru, daktari."

"Sasa, kwa matokeo haya, tunampandisha. Dakika kumi na tano ziwe thelathini. Siku mbili kwa wiki ziwe nne. Na tunataka kuona miwani inafanya kazi peke yake kiasi gani, kwa hiyo mazoezi ya mkono kwa mkono tutayasimamisha. Sista Sperancia anahamia Nkwenda kule Kyerwa, kuna uhitaji."

Sista Sperancia alikunja mikono kifuani. "Mkono ndio kwanza unaanza kushika."

"Na data inaonyesha unashika kwa sababu ya miwani, Sista."

"Data imeukanda lini?"

Novatus alitabasamu, tabasamu la mtu ambaye bado ana vituo vitatu vya kutembelea. Akamgeukia mgonjwa mwenyewe, kama taratibu zinavyotaka.

"Mzee, una lolote la kusema? Uko huru kabisa. Unaonaje huduma yetu?"

Sista Sperancia alimtazama. Vero naye alimtazama, akitabasamu, kitambulisho kikining'inia. Mzee Adelard aliona dakika thelathini zikija kama lori bila breki.

"Ni nzuri," alisema. "Nzuri sana. Mungu awazidishie."

Novatus akaomba picha. Walimvisha miwani, wakamwambia anyooshe mikono yote miwili kama anayepokea mtoto. Wa kushoto haukufika. Vero aliusukuma kidogo kwa chini, akautoa mkono wake haraka ili usionekane kwenye picha.

*

Kwa muda wa wiki mbili Mzee Adelard alichuma matofaa mengi kuliko mtu yeyote katika historia ya Karagwe. Alijifunza kuja na mfuko wa plastiki ndani ya koti. Alijifunza kutokunywa chai asubuhi. Wavulana waliokuwa wakisubiri chanjo ya wadogo zao walijazana dirishani kumtazama mzee mwenye heshima zake akipapasa hewa, na mmoja alimwita bibi yake aje aone. Bibi alikuja, akaona, akafanya ishara ya msalaba.

Mkono ulianza kurudi ulikotoka. Ulikuwa mzito, bega likauma, vidole vikajikunja kiganjani na kukaa. Aliyegundua si yeye. Siku hiyo jumuiya ya kanisa ilikuwa imesali kwao, na baada ya sala Anatolia akawapa wageni chai. Mzee Adelard alikuwa ameshawasimulia wiki kadhaa nyuma kwamba siku hizi anashika kikombe, na mwenyekiti wa jumuiya, kwa wema tu, akamwambia, "Hebu tuonyeshe, mzee, tumsifu Mungu."

Alipewa kikombe, cha bati, chenye chai. Hakikufika hata kwenye "Salamu". Chai ilimwagika kwenye suruali ya Jumapili, sehemu ambayo haitakiwi kumwagikiwa chai mbele ya akina mama. Watu wakasema pole. Wakasema ni kawaida. Mwenyekiti akatangaza michango ya mwezi, mapema kuliko ratiba.

Anatolia aliosha vikombe vyote. Asubuhi yake alivaa gauni la kanisani na kujitanda kitenge kipya.

"Unakwenda wapi?" aliuliza mumewe.

"Kihanga. Kuchuma matofaa."

*

Vero aliwapokea kwa shikamoo mbili. Alishangaa kidogo kumwona mama mdogo, akaleta kiti cha ziada, akamvisha mzee miwani. Anatolia alikaa dakika zote thelathini, akimwangalia mwanaume aliyemzalia watoto watano akitokwa jasho na kuyumba juu ya kiti. Dakika ya kumi na nane alimwona akifumba mdomo kwa nguvu. Dakika ya ishirini na tano mfuko wa plastiki ulitoka kwenye koti.

Safari hii Vero naye aliona.

Alimvua mzee miwani, akaifuta kwa pamba, taratibu mno, akachukua kishikwambi. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Habari za kichwa, baba mdogo?"

"Nzuri."

"Vero," alisema Anatolia. "Keti."

"Mama mdogo, nina wagonjwa wawili nje."

"Watasubiri. Keti kama umekuja kwetu."

Vero aliketi. Anatolia akaifungua pochi, akatoa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye karatasi, akampa mbili, akampa mumewe mbili. Walitafuna. Nje mtoto alilia, akanyamazishwa. Kishikwambi kikazima chenyewe kwa kukosa wa kukigusa.

"Mama yako hajambo?" aliuliza Mzee Adelard.

"Hajambo. Anasumbuliwa na mgongo."

"Alisema hivyo hivyo Pasaka."

"Ni ule ule."

Mzee Adelard alikuwa anaangalia sakafu, ambayo kwake bado ilikuwa inatembea.

"Mwanangu," alisema, "ile miwani yenu ni nzuri. Ila inaniua."

Akaanza. Akasema kofia, akasema migomba, akasema mfuko, akasema kulala akiwa ameshika mbao za kitanda ili asimwagike. Akasema tangu Sista aondoke mkono hausikii. Alisema bila kupandisha sauti, na kila baada ya sentensi mbili aliomba radhi. Vero alisikiliza, machozi yakimdondokea kwenye kitambulisho.

"Kwa nini hukuniambia, tata?" alisema, na hapo Kiswahili cha kazi kilikuwa kimemtoka, akamwita baba kwa lugha ya nyumbani. "Nimekuuliza kila siku."

"Ulinisalimia kila siku," alisema Mzee Adelard, kwa upole.

Vero alikiwasha kishikwambi. Safari hii alisoma fomu kama ilivyoandikwa, neno kwa neno, na baba yake mdogo alijibu kama ilivyokuwa. Alama zote zikaenda chini. Alipobonyeza kutuma, kioo kikawa chekundu, na kabla hajapata kuwaita wagonjwa wa nje, simu ikaita. Aliiweka mezani, spika wazi.

"Vero, umegeuza kipimo," ilisema sauti ya Novatus. "Mzee Rwezaura. Umeweka moja palipo na saba."

"Sijageuza, bosi. Ndivyo alivyosema."

"Haiwezekani. Mtu hawezi kuwa juu siku ishirini na mbili halafu akaanguka siku moja. Mfumo unaiona ni kosa la mjazaji. Ifute, ujaze upya."

"Kosa ni hizo ishirini na mbili," alisema Vero. "Nilikuwa nauliza vibaya. Nilikuwa namuuliza habari za tumbo."

"Umesema ulikuwa unauliza nini?"

Alieleza.

"Unajua hizo ripoti zimeshakwenda kwa wafadhili," alisema Novatus. "Unajua maana yake kwa mkataba wako?"

Anatolia aliisogeza simu karibu.

"Shikamoo... hapana, wewe ndiye wa kuniamkia. Mimi ni mke wa yule nyota wako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mume wangu ametapika sasa hivi, mfuko ninao hapa. Nimpe dereva wa bodaboda akuletee, au unaandika?"

Novatus hakutaka kuletewa. Alisema kwa heshima, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba majibu ya leo yatawekwa pembeni kwanza hadi yathibitishwe, na kuthibitisha kunaweza kuchukua robo mwaka. Kwamba kumrudisha Sista Sperancia hakumo kwenye bajeti. Na kwamba kwa sasa kilichopo kwenye fomu ni kisanduku kimoja tu, cha chini kabisa, *mtumiaji ameamua kujitoa*. Akijitoa, huduma zote za mradi zinakoma.

"Na nauli," alisema Mzee Adelard, akiwa anafikiria kwa sauti.

"Na nauli, mzee."

Vero alimtazama baba yake mdogo. Yeye akamtazama mkewe. Mkewe akautazama mkono, uliolala pajani kama mzigo wa mtu mwingine.

"Weka alama hapo, mwanangu," alisema Mzee Adelard. "Na hapo pa sababu andika nimesema mimi. Usiandike wewe."

Vero aliandika majina yote mawili, la mzee na lake.

*

Nkwenda ni mbali kwa mtu mwenye mkono mmoja na pikipiki moja. Walifika Jumamosi, saa tano, wakapanga foleni na wagonjwa wa kawaida wasio na miwani wala mstari mwekundu, na zamu yao ilifika saa nane. Sista Sperancia alimkuta Mzee Adelard amesinzia begani kwa mkewe. Mwezi wa sita tangu kiharusi ulikuwa umebakiza siku tisa.

Aliushika mkono, akaugeuza.

"Nani alikuwa anaukanda?"

"Mimi," alisema Anatolia. "Kwa mafuta ya kupikia."

"Si mbaya."

Akakunjua kidole gumba. "Inauma?"

Mzee Adelard alifungua mdomo, na ilibidi asubiri kidogo ili neno lililokuwa limekwisha kufika ulimini lirudi lilikotoka.

"Inauma," alisema.

"Vizuri. Hapa?"

"Inauma sana. Na hapo nyuma, inapanda hadi kwapani, tangu siku nilipoanguka."

"Hiki?"

"Kidogo. Kama mtu anayebisha hodi mbali."

Alifika kidole cha nne, kisha cha tano. Alikibonyeza kwenye kiungo, kwa ukucha. Anatolia aliyekuwa anatazama alikunja uso kwa niaba ya mwenye kidole.

"Hiki je?"

Mzee Adelard alikiangalia kidole chake. Aliona ukucha ukizama kwenye ngozi, ngozi ikigeuka nyeupe.

"Bonyeza," alisema.

"Nabonyeza."

"Naona." Akasogea karibu, akakiinamia, kama mtu anayesikiliza mlangoni. "Hamna kitu, Sista. Bonyeza tena."